Adabu Haikingi Shoka

Mchora ramani alikuwa mkwe mwema kupita kiasi, na hapo ndipo balaa ilipoanzia. Katika miaka sita ya ndoa hakuwahi kumtazama mama mkwe wake usoni kwa muda unaozidi shikamoo moja. Mama mkwe akiingia sebuleni, yeye anakumbuka kitu jikoni. Mama mkwe akija jikoni, yeye anakumbuka kitu uani. Wakikutana mlangoni wanaombana radhi, pita wewe, hapana, pita wewe Mama, mpaka chai inapoa mikononi. Mgeni angewaona angesema hawa wawili wanaogopana, na asingekuwa mbali na ukweli.

Sasa fikiria ilivyokuwa siku mama mkwe alipoletwa kukaa.

Mama huyu alikuwa fundi cherehani, mjane, mwenye nyumba yake na chumba cha mbele alichokuwa akishonea kwa miaka thelathini na mitano. Asubuhi moja alikuwa anakata gauni la bibi harusi, mkasi ukamponyoka. Akauokota. Ukamponyoka tena. Mara ya tatu vidole vilikataa hata kujikunja. Hospitali walisema ni kiharusi kidogo, kana kwamba kuna mtu aliyewahi kupata kiharusi akakiona kidogo. Mguu ulirudi baada ya wiki. Ulimi nao ulirudi, ingawa kusema kweli ulimi wake haukuwa umekwenda mbali. Mkono wa kulia ndio uliobaki umelala pajani, mzito, kama mzigo alioachiwa amshikie mtu.

Binti yake, ambaye ni muuguzi na ndiye mke wa mchora ramani, alimchukua, akampa chumba cha nyuma na kumwambia waziwazi: "Mama, utarudi kwako siku utakayokata kitambaa kwa mkasi wako mwenyewe. Kabla ya hapo sikuachi ukae peke yako."

"Na siku hiyo isipofika?"

"Mwisho wa mwezi tutaona."

Mama alijua maana ya tutaona. Kulikuwa na msusi mmoja mtaani kwake aliyekitaka kile chumba cha mbele afungue saluni, na muuguzi alikuwa amemwahidi jibu mwisho wa mwezi. Msusi hakuwa mtu mbaya. Lakini Mama akifikiria mahali pa cherehani yake pamewekwa kioo na watu wanakaushwa nywele, alikuwa anasukuma sahani kando, na hakumficha mtu.

Daktari wa viungo alimpa mpira mdogo wa kukanda, mara mia asubuhi, mara mia jioni. Mama aliukanda siku mbili. Siku ya tatu mpira ukawa uvunguni mwa kitanda, na miguu ya kwenda huko haukuwa nayo. "Nimewashonea mabwana suti, nimewavisha maharusi," alisema akiuambia ukuta, maana hapakuwa na mtu mwingine, "leo nikae nikibonyeza mpira kama mtoto anayeota meno?" Jioni muuguzi akirudi na kuuliza, anajibiwa, "Nimekanda, mwanangu, mpaka nimechoka." Muuguzi anaushika ule mkono, anaupapasa, anaurudisha pajani. Uongo wa mzazi ni mgumu kuukemea.

Mchora ramani, kwa upande wake, alifanyia kazi nyumbani. Meza ya chakula ndiyo ilikuwa ofisi yake: kompyuta kubwa, rula ndefu, mikunjo ya karatasi, na michoro ya nyumba za watu ambao kila wiki walibadili mawazo kuhusu ngazi zikae wapi. Mke akiondoka asubuhi, ndani walibaki watu wawili na ukimya. Alihesabu siku kama mfungwa. Si kwamba alimchukia Mama. Alichoka tu kujikunyata ndani ya nyumba yake mwenyewe, kukohoa kabla ya kupita koridoni, kula akiwa amegeukia dirisha.

Saa yake ya kupumua ilikuwa saa saba mchana hadi saa nane. Saa hiyo aliifunga michoro, akachukua rimoti ya gemu, akawa mtu mwingine anayeitwa Radi.

Gemu yenyewe ilikuwa ya mtandaoni, dunia nzima ya kubuni ambamo watu wa kila pembe hulima, huchuuza, huoana na kugombana. Radi hakujishughulisha na hayo, kuoa alishaoa. Yeye alikwenda moja kwa moja Uwanja wa Mchanga, duara lenye kuta ndefu na watazamaji wa kuzomea, ambako unaingia na upanga na ngao kupambana na wapiganaji wasio watu. Wote wanaendeshwa na kompyuta yenyewe. Kuna ngazi saba, kila ngazi na wapiganaji wake, na ngazi ya saba ni jitu lenye shoka ambalo wachache sana wameliona likianguka. Radi alikuwa amekwama ngazi ya nne kwa wiki tatu, anatandikwa na mtu wa mkuki kila siku baada ya chakula.

Siku hiyo alikuwa amekwisha kufa mara mbili aliposikia mtu akishusha pumzi nyuma yake. Akageuka. Mama mkwe alikuwa amesimama na fimbo yake, na kwa dalili zote alikuwa amesimama muda mrefu.

Mchora ramani aliruka, rula ikaanguka. "Shikamoo, Mama!"

"Marahaba. Umeniamkia asubuhi, baba." Macho yake yalikuwa kwenye skrini. "Huyu anayekutandika ni nani?"

"Si mtu, Mama. Ni kompyuta tu."

"Kompyuta tu ndiyo imekulaza chini namna hiyo?"

Swali kama hilo halina jibu la heshima. Alitabasamu akitazama zulia.

"Anachoma mara mbili, anapumzika, anachoma mara moja," alisema Mama. "Halafu anaurudisha mkuki begani, anaanza tena. Wewe unaingia kwenye ile mbili. Ingia baada ya ile moja."

Ili asimvunjie mtu mzima heshima, mchora ramani alikaa akajaribu. Akasubiri mbili, akasubiri moja, akaingia. Mtu wa mkuki alianguka kifudifudi na uwanja mzima ukalipuka kwa vifijo. Wiki tatu! Alisikia furaha na aibu kwa pamoja, na hakujua ipi aanze nayo.

"Mama, umejuaje?"

"Mashine haina hila, baba. Ina mazoea. Mimi nimekaa na moja miaka thelathini na mitano, naisikia inapotaka kuruka mshono kabla haijauruka." Akavuta kiti kwa mkono wa kushoto, akakaa. "Rimoti nyingine huna?"

Alikuwa nayo. Na kulikuwa na uwanja wa wawili wawili ambao mchora ramani hakuwahi kuuingia kwa kukosa mwenza. Alimfungulia Mama laptopu yake ya zamani, akaiweka upande wa pili wa meza, akamuuliza, akiwa bado amesimama, mpiganaji wake aitwe nani. Mama akasema aitwe Pindo.

"Pindo, Mama? Wenzako humu wanajiita Simba, wanajiita Mauti."

"Pindo la nguo hakuna anayelitazama. Likifumuka ndipo watu wanajua lilikuwa linashikilia nini."

Basi Radi na Pindo wakaingia mchangani. Sasa, rimoti ya gemu ina mambo yake. Mkono wa kushoto unatembeza. Kidole gumba cha kulia kinapiga, na kidole cha shahada cha kulia kinabana ngao: ukikibana, ngao inakaa juu; ukikiachia, inashuka. Mkono wa kushoto wa Mama ulikuwa mzima na mwerevu, kwa hiyo Pindo alikimbia kama kuku aliyeona kisu. Kupiga, hakupiga. Kukinga, hakukinga. Aliuzunguka uwanja wote akifukuzwa na wapiganaji wawili wa ngazi ya kwanza, wafungwa wenye marungu, watazamaji wakizomea, na Mama mwenyewe akicheka mpaka machozi. Mchora ramani hakuwahi kukisikia kicheko hicho. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha karibu kuangusha picha ukutani, na alishangaa kilikuwa kinakaa wapi siku zote.

Kesho yake Mama alijaribu kutumia gumba. Lilibonyeza mara tatu katika saa nzima. Kesho kutwa likabonyeza mara kumi na moja, na mfungwa mmoja akapoteza meno. Tofauti ilikuwa wazi hata kwa asiye daktari. Mpira wa kukanda ulitaka ubonyezwe mara mia bila sababu, lakini huku kila ukibonyeza kuna mtu anaipata ya uso.

"Mwanangu asijue kwanza," alisema Mama. "Akijua atakaa hapa na saa na daftari, itageuka dawa."

Mchora ramani alikubali haraka. Mkewe hakujua kwamba saa ya mapumziko inaliwa na mapanga, na yeye hakuona haja ya kumwelimisha. Tena, tusimpambe: nia yake ya kwanza ilikuwa mkono upone ili Mama arudi kwake, na yeye apate kukohoa anapotaka.

Walivuka ngazi ya kwanza, wakavuka ya pili, wakagonga mwamba kwenye ya tatu. Safari hii vidole havikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la heshima.

Katika uwanja wa wawili, kila mpiganaji anaona mbele yake tu. Mgongo wako anauona mwenzako, na kazi yake ni kukupigia kelele. Ngazi ya tatu ilikuwa na pacha wa nyavu: mmoja anakuchezea mbele, mwingine ananyata nyuma. Radi anamwona anavyonyata. Mchora ramani anafungua kinywa.

"Samahani, Mama, kama hutajali, naomba ugeuke kidogo upande wa..."

Pindo ameshakufa.

"Niwie radhi, Mama, sijui kama umeona, ila hapo nyuma yako kuna..."

Amekufa tena.

Siku nne mfululizo Pindo alizikwa katikati ya sentensi. Mama naye hakuwa na nafuu. Akimwona adui nyuma ya Radi anaanza, "Baba, usinifikirie vibaya, hebu jitazame huko," na Radi anatiwa wavuni akiwa bado anajiuliza huko ni wapi. Nimesikia habari za watu waliouawa na kiburi, na wengine na ulafi. Waliouawa na adabu, tena mara kumi na tisa katika wiki moja, ni hawa tu.

"Mkwe," alisema Mama siku ya nne, akiweka rimoti mezani, "unanizika kwa adabu."

"Nifanyeje, Mama? Siwezi kukupigia kelele."

"Heshima gani hiyo, mtu anachomwa mgongoni wewe unamwomba radhi? Tuwekeane sharti. Baragumu la kuanza likilia, ukwe umekwisha. Mle ndani wewe Radi, mimi Pindo, hatujuani kwetu. Baragumu la mwisho likilia, ukwe unarudi, unanitengea chai yangu."

Kusema ni rahisi. Baragumu lililia, mtu wa wavu akanyata, na mchora ramani akatoa kitu kilichoanza kama samahani kikaishia kikohozi. Pindo akafa. Pambano lililofuata alifumba macho akasema, "Nyuma," kwa sauti ya mtu anayekiri kosa. Pindo akageuka. Ngao ikapanda, ikakaa juu muda wa kupepesa jicho, kidole kikachoka, ikashuka.

"Tena," alisema Mama. "Kwa nguvu. Mimi si glasi, sivunjiki."

Basi akaongeza nguvu, na mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Ikafika wiki ya tatu, "Nyuma!" ikawa "Nyuma, bibi!", na "Nyuma, bibi!" ikawa "Umelala, we Pindo?" Mama hakubaki nyuma. "Piga basi! Huo upanga umeuvaa kama mkufu?" Majirani, kama walisikia, walinyamaza kwa busara zao. Kisha saa nane baragumu linalia, wote wawili wanajirekebisha nguo, mchora ramani anasimama na kuuliza, "Chai, Mama?" na Mama anajibu, "Nitashukuru, baba," na hakuna anayemtazama mwenzake.

Ngazi ya nne ikaanguka, ya tano, ya sita. Gumba sasa lilipiga bila kusita. Kidole cha shahada ndicho kilichogoma. Kinabana, kinahesabu moja, kinaachia. Na hicho ndicho kidole kinachobeba mkasi. Bila hicho, gumba linafungua na kufunga hewa. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hawakusema kwamba kidole kimoja kinaweza kumnyima mtu nyumba yake.

Na jitu la ngazi ya saba lilitaka kidole hichohicho. Mama alilisoma siku mbili akiliacha limuue lipendavyo ili alione vizuri. "Shoka linashuka mara tatu mfululizo," alisema. "Ya tatu linazama mchangani, linakwama. Hapo ndipo pa kulipiga. Lakini zote tatu ngao iwe juu, isishuke hata kidogo." Akautazama mkono wake. "Mimi nafika moja."

Mwisho wa mwezi ulikuwa umebaki siku mbili. Saa nane ilipita, chai ikatengwa, na Mama hakuinywa.

"Msusi atapata chumba chake," alisema.

Hakulia wala hakulalamika. Alisema kama mtu anayesoma kipimo kwenye tepu. Mchora ramani alitaka kusema neno la kufariji, lakini baragumu lilikuwa limeshalia na ukwe ulikuwa umerudi, hivyo akatazama zulia. Alishangaa kuona jinsi alivyoumia. Mwezi mzima alikuwa anaombea Mama arudi kwake, na sasa aliomba jambo lilelile kwa sababu nyingine kabisa.

Kesho yake muuguzi alibadilishana zamu na mwenzake akatoka mapema. Alifika saa saba na nusu. Alikuwa anatafuta ufunguo mkobani aliposikia sauti ya mume wake, yule mpole, yule ambaye mashoga zake wote walimwonea wivu kwa upole wake, ikitoka ndani kama ya kondakta aliyeibiwa:

"Toka hapo, bibi, unanizibia njia! Ukitaka kufa, kafe pembeni!"

Na sauti ya mama yake mzazi, mgonjwa wake: "Mjinga wewe! Geuka, limekuja!"

Mlango ulifunguliwa ukagonga ukuta.

"Mume wangu!" alisema muuguzi. "Hiyo ndiyo kauli ya kumwambia mama yangu?"

Mchora ramani aligeuza kichwa. Hilo lilitosha. Shoka lilimshukia Radi katikati ya kichwa, akalala mchangani chali, upanga kule, ngao kule.

"Subiri, mwanangu," alisema Mama bila kutoa macho kwenye skrini. "Huku hakusimamishwi."

Muuguzi alisimama na sare yake nyeupe na mkoba begani, mdomo wazi. Aliona mume wake amekaa mbele ya uwanja wa damu. Aliona mama yake amekunja uso juu ya laptopu. Hakuelewa hata nusu ya anachokiona, lakini kusikia alikuwa amesikia, na macho yake yalikuwa yanamngoja mume.

Sasa katika uwanja ule, mwenza aliyekufa hafukuzwi. Anabaki amelala, na skrini yake inamwonyesha uwanja wote kutoka juu, kama mtu aliyekaa darini. Kwa hiyo mchora ramani aliliona jitu lilivyokuwa linazunguka taratibu, shoka begani, kuelekea upande ambao Pindo hauoni.

"Liko wapi?" aliuliza Mama.

Mchora ramani alishika ukingo wa meza.

"Radi. Liko wapi?"

Mchora ramani alimtazama mkewe. Ukwe wote wa miaka sita ulirudi. Akisema, anasema mbele ya mke wake, na maneno yakimwagika hayazoleki. Asiposema, Pindo anakufa, na kesho ndiyo siku ya mwisho ya mwezi. Alimtazama tena mkewe, akaomba msamaha wake kimoyomoyo, akafungua kinywa mpaka mwisho.

"Kushoto! Kushoto kwako, bibi! Inua ngao! Inua, usiachie! Kaza hicho kidole! Kaza, mama we, ukikiachia nakukana!"

Shoka likashuka. Moja. Ngao ikatikisika, ikabaki juu.

"Usiachie!"

Mbili. Mama alikuwa ameng'ata mdomo wa chini. Jasho lilimtoka puani.

"Hapohapo! Hapohapo, nakwambia!"

Tatu. Shoka likazama mchangani mpaka mpini, jitu likainama kulivuta.

"Sasa! Mpe! Mpe, mpe, mpe!"

Gumba la Mama likampa. Likampa mpaka jitu likapiga goti, mstari wa damu yake pale juu ya skrini, unaoonyesha uhai uliobaki, ukashuka hadi kipande cha ukucha, na watazamaji wale wa kuzomea wakasimama. Kisha jitu likang'oa shoka, likainuka. Likaanza upya. Moja. Mbili. Na kwenye tatu kikasikika kishindo cha mbao. Ngao ya Pindo ilipasuka vipande viwili, Pindo akaanguka kando ya Radi, na baragumu likalia.

"Aaah!" walisema wote wawili kwa sauti moja.

"Ngao!" mchora ramani alipiga meza. "Ni ngao! Tungekuwa na ngao ya chuma!"

"Kilibaki kipande cha ukucha," alisema Mama. "Ukucha! Umekiona?"

Muuguzi hakukiona. Tangu ile moja ya kwanza hakuwa ameitazama skrini. Aliweka mkoba chini, akazunguka meza na kuinama kando ya mama yake.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Achia."

"Niachie nini?"

"Kidole."

Wote watatu wakakitazama. Pindo alikuwa amekufa, ngao ilikuwa vipande viwili, gemu ilikuwa inauliza kama wanataka kuanza tena, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa bado kimebana, kimekuwa cheupe kwenye ncha kwa kubana. Mama alikitazama kama kitu cha jirani kilichoingia ndani bila hodi. Ilibidi akifikirie kwanza ndipo kikaachia.

Muuguzi alimnyooshea vidole vyake viwili, kama anavyofanya wodini. "Shika hivi. Bana."

Mama akashika, akabana. Muuguzi alisubiri, uso wa kazini, uso usiosema kitu. Halafu uso ukaharibika. "Basi, Mama. Basi, unaniumiza," alisema, na hakuvuta vidole vyake, na machozi yalimtoka bila kujificha.

Alikwenda mwenyewe kuchukua ule mkasi mkubwa uliokuwa chini ya begi la Mama, umefungwa kwenye kitambaa. Akaleta shuka kuukuu. Mama alilikunja mara mbili, akapitisha gumba na vidole kwenye vishikio. Mkasi ukafunguka. Ukafunga. Sauti yake ikatembea mezani kutoka upande wa michoro mpaka upande wa pili, bila chaki, bila rula, na mchora ramani, mtu anayeishi kwa mistari, aliona kwamba mstari ule haukupinda.

"Kumbe mpira umekusaidia," alisema muuguzi, akijifuta macho.

Mama na mkwe wake hawakutazamana.

"Mpira uko uvunguni, mwanangu," alisema Mama. "Nitakueleza. Utakasirika kidogo, halafu utapoa."

Alikasirika si kidogo. Aliwaambia wote wawili kwamba wamemdanganya mwezi mzima, kwamba mficha uchi hazai, na kwamba angekuwa na mgonjwa mwingine kama huyu angeacha kazi auze nyanya. Mume alipata fungu lake pekee, refu, kuhusu saa za kazi na kauli za kuambiwa wazazi wa watu. Akiwa bado anasema alichukua simu, akampigia msusi, akamwambia chumba hakipo, mwenyewe anarudi. Alipoikata, sauti ilikuwa imelainika.

"Jumamosi nakupeleka kwako, Mama."

Mama alikuwa anakunja vipande vya shuka, pembe kwa pembe, kwa mikono miwili. "Jumamosi hapana. Jumatatu."

"Jumatatu? Mama, si ulikuwa unalilia kwako kila siku?"

"Nalilia, na nitakwenda. Lakini lile jitu limebaki na damu ya ukucha. Siwezi kwenda kukaa kwenye cherehani yangu huku kuna kitu mahali kinanicheka." Akageuka. Mkwe wake alikuwa amesimama ukutani tangu baragumu lilipolia, mikono ameifumbata mbele, macho kwenye zulia, anapanga jinsi ya kuomba radhi kwa kila neno alilolisema toka saa saba. "Na wewe umesimama hapo kama mwavuli kufanya nini? Umekufa kijinga! Unapigana na mtu mwenye shoka unageuka kutazama mlango, kama uliyekutwa na mkono kwenye kopo la sukari. Nimekuzaa wapi mie! Njoo hapa, kaa."

Mchora ramani alisubiri aone kama kutafuata "baba". Hakikufuata kitu. Baragumu lilikuwa limelia zamani, kwa sharti lao huu ulikuwa muda wa chai na kushukuriana, na Mama alikuwa bado anamkaripia, tena anamwonyesha kiti kwa kidole cha mkono wa kulia. Miaka sita alikuwa akiheshimiwa na mama huyu. Leo alikuwa amegombezwa, sawasawa na jinsi anavyogombezwa binti yake.

Akavuta kiti, akakaa. Kisha akainama chini ya meza akasema anatafuta waya wa rimoti, na akakaa huko muda mrefu kidogo, kwa sababu hakutaka wanawake wale wawili wamwone uso.